Kanga Mbele ya Rejeta

Kwanza niseme wazi: gari langu halikuwa bovu. Lilikuwa na joto. Kuna tofauti, na nimechoka kuieleza kwa watu ambao magari yao yana umri mdogo kuliko makubazi yangu.

Lilikuwa la Kijerumani, la miaka ya sabini, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Nililinunua mwaka 2015 hapa hapa Johannesburg, kwa mjane mmoja wa Kizungu wa Turffontein, mtaa tunaokaa mpaka leo. Mjane aliniambia marehemu mumewe alilipenda gari lile kuliko alivyompenda yeye. Mke wangu, aliyekuwa amesimama kando yangu, akasema kwa Kiswahili ili mwenye gari asielewe: "Haya, limempata mwingine wa aina ile ile." Nilikuwa nimeshainamia boneti.

Watu wa kwetu Tanga wakisikia Afrika Kusini hudhani ni nchi ya baridi tupu. Si makosa yao, Juni huku maji ya bomba yanauma meno. Wasilolijua ni kwamba mji huu umekaa juu mno, na maji ya huku juu huchemka kabla hayajapata moto wa haja. Muulize mpishi yeyote. Chai inatokota upesi, maharage hayaivi ng'o. Sasa chukua injini ya chuma waliyoiunda Wajerumani kwa ajili ya theluji yao, ilete huku Desemba, iweke nyuma ya lori la mchanga kwenye foleni ya saa tisa alasiri. Chini ya boneti panakuwa tanuri. Petroli yenyewe ilikuwa ikichemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta. Gari linakohoa, linazima, na wewe uko katikati ya njia panda, robot, yaani taa za barabarani kwa lugha ya huku, imeshakuwa ya kijani, na madereva wa teksi nyuma yako wanamtaja mama yako kwa lugha zote kumi na moja za katiba ya nchi hii.

Nikatafuta dawa. Na ukitaka kujua watu wa mji huu wametoka wapi, bwana, fungua boneti barabarani. Kila mmoja atakuja na tiba ya kwao, na hakuna atakayekuja na spana.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu wa chini, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mtu wa suti na viatu vya ncha, ambaye hajawahi kugusa kitu chenye mafuta isipokuwa kuku. Alisimama mbali ya kutosha kuokoa shati lake, akakunja uso kama daktari. "Papa, hii gari iko na homa," akasema. "Ile termostati ndani, tosha, tupa." Kwao "tosha" ni toa, basi nikakitoa hicho kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Joto likapungua kidogo, nikamshukuru, nikampelekea na sambusa. Juni ilipofika injini ikawa haipati moto kabisa, tukawa tunatetemeka ndani ya gari na mablanketi magotini. Nikamwendea mbio. "Papa, sasa iko baridi, njo unarudisha," akanijibu bila haya, huku akipima suruali ya mtu.

Halafu kulikuwa na wazee wa Kiafrikana, yaani Makaburu. Jumapili asubuhi wenye magari ya zamani wa kusini mwa jiji hukusanyika kwenye kiwanja kimoja cha kuegesha, hufungua boneti zote, wakasimama wameinama kimya, wamefunga mikono nyuma. Mara ya kwanza nilidhani kuna msiba. Mmoja wao, wa kaptula na soksi za kufika magotini, alinifundisha kubana vibanio vya mbao vya kuanikia nguo kwenye bomba la petroli. "Mbao hunyonya joto," alisema, kwa uhakika wa mtu asiyezoea kuulizwa maswali. Nilirudi nyumbani nikachukua vibanio vyote vya mke wangu. Shuka zikaanguka uani, petroli ikaendelea kuchemka. Lakini nilivitetea vile vibanio muda mrefu sana, maana huwezi kumnyang'anya mke vibanio vyake halafu ukarudi kumwambia ulikuwa upuuzi. Heri ufe na hoja yako.

Ukweli niliupata mwenyewe, kwa kuungua vidole. Hewa iingie mbele, ipite kwenye rejeta, itokee chini. Basi. Nikaweka bati kati ya bomba la moshi na kabureta, nikalifunga bomba lenyewe kwa utepe usioshika moto, nikazibua rejeta, nikaongeza feni. Likawa gari la watu. Likikimbia linapoa, likitambaa linapanda joto, na likizidi kabisa ipo dawa ya mwisho: unafungulia hita ya ndani mpaka mwisho wake. Hita huchota moto wa injini na kuumwaga magotini penu. Injini inapona, mnaoiva ni nyinyi.

Aliyeiva kuliko wote ni binti yangu. Amezaliwa hapa, ndiye mtoto wetu wa pekee. Kiswahili anakielewa chote, hasa ninapogombana, ila hujibu kwa Kiingereza au Kizulu, na siku akijibu kwa Kiswahili ujue jambo ni zito. Miaka ile alikuwa chuoni, na mimi ndiye nilikuwa nampeleka. Anaingia garini Januari amejipamba, anashuka amelowa. Siku moja akaniambia, "Baba, nishushe hapa kwenye kona." Kesho yake tena, kona. Nikauliza kwani langoni kuna nini. "Kona ni sawa, baba." Nikajifanya nimekubali kwa sababu ya foleni. Iliniuma, nisiseme uongo. Nilikuwa nikimwona kwenye kioo anavyotembea upesi kuliacha gari langu, nikawa napiga usukani kwa kiganja kama usukani ndio uliosema.

Basi mwisho wa mwaka 2018 akachumbiwa. Kijana wa asili ya Tanga, mpole, ana adabu, sikupata pa kumshika. Mama yake yuko Tanga, miguu imemkataa, hasafiri. Aliyesimama badala ya wazazi ni ami yake, mwenye maduka ya simu Fordsburg na gari jipya jeupe kubwa kama jokofu la bucha. Tukakaa kikao cha harusi kwangu. Mahari yakaisha vizuri, pilau ikaisha vizuri zaidi. Halafu yule ami akafuta mdomo akasema, "Bibi harusi tutamleta ukumbini na gari langu, mzee mwenzangu. Lina ubaridi ndani."

"Binti yangu atatoka kwangu kwa gari langu," nikasema.

"Lile la boneti wazi?"

Ebo! Watu wakacheka, na mke wangu akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Sikilizeni, nikawaambia. Nyumba hii nimepanga. Duka langu la mapazia nimepanga. Kwetu binti hutoka kwenye nyumba ya baba yake, ukuta unajulikana, mlango unajulikana. Hapa nitamtoa kwenye nini? Katika mji huu mzima kitu kilicho changu mimi ni gari lile. Nataka nimfikishe mwenyewe, mimi, kwa mkono wangu, mpaka mlangoni. Sikutaka kingine chochote katika harusi ile. Sauti ilinikatikia mwishoni, nikasingizia pilipili.

Kikao kikamgeukia bibi harusi mwenyewe. Alikuwa amekaa mlangoni na simu yake. Akanitazama, akamtazama ami. "Nitapanda ya baba," akasema kwa Kiswahili. "Lakini ikichemka njiani, nahamia kwa ami."

"Nitakuwa nyuma yenu tu," ami akasema, kwa sauti ile ile ya mtu anayekuja hospitali na sanda mfukoni.

Wiki tatu nikalala chini ya boneti. Nilibadilisha mipira yote, nikasafisha rejeta mpaka ukiinusa unasikia sabuni, nikalikimbiza mpaka Newtown na kurudi saa saba mchana, mshale wa joto ukakaa katikati, umetulia tuli. Jirani wa Lubumbashi akaja kukagua. "Papa, sasa iko mzima kabisa," akasema, na kwa namna alivyoondoka ilionekana kazi ile ameifanya yeye.

Siku ya harusi, Jumamosi, nikah ilifungwa msikitini asubuhi, wanaume tukala, tukaombeana dua. Bibi harusi alikuwa apelekwe ukumbini Fordsburg alasiri. Na hapa sasa ndipo anaingia dada yangu. Dada yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Hakuchaguliwa na mtu. Nilipotaka kushuka kulitazama gari mara ya mwisho akanizuia ngazini. "Leo wewe ni baba wa bibi harusi, si fundi gereji. Kaoge, vaa kanzu, vaa koti, kaa kitako. Gari tunalipamba sisi."

Nikatii. Kosa. Niliposhuka, gari langu silijui. Maua juu, maua ubavuni, utepe milangoni, na mbele, usoni kabisa, pale hewa inapoingilia, wametandika kanga. Kanga mpya, imevutwa ikakaza kama ngozi ya ngoma, imezungushiwa maua pembeni, na maandishi yake yanasomeka toka ng'ambo ya barabara: KARIBU MWANANGU, NYUMBA NI YAKO.

"Toa," nikasema.

"Sitoi," dada akasema. "Imetoka Tanga. Kaileta mtu wa basi, kakabidhi mkononi. Mama mkwe kasema hawezi kuja, basi kanga yake itangulie mbele ya gari, na aione. Tunampigia simu ya picha, atatazama msafara mwanzo mpaka mwisho. Ukiitoa, unamwambia nini yule mama? Kwamba binti yako hataki kukaribishwa?"

Mtu wa Tanga ataelewa kwamba mjadala ulikuwa umekwisha. Kanga ya mama mkwe haivuliwi hadharani, hata kama nyumba inaungua. Nikajituliza. Kanga ni nyepesi, nikajiambia, hewa itapenya. Sikuigusa kwa mkono, na laiti ningeigusa.

Binti yangu akashuka. Sitamwelezea, sina maneno, nikianza nitaharibu. Mpambaji alikuwa ameshinda naye toka alfajiri na uso wake haukuwa na doa. Akakataa kukaa nyuma, kwa sababu nyuma kunanuka petroli, akakaa mbele pembeni yangu, gauni likajaa mpaka kwenye gia. Tukawa wawili tu mle ndani. Mbele yetu baki, yaani pikapu, imebeba vijana wa matarumbeta, dada yangu na simu yake. Nyuma yetu lile jokofu jeupe.

Nilikuwa nimepanga mwendo wa kutosha kuleta upepo. Dada yangu alikuwa amepanga mwendo wa bibi harusi, ambao ni mwendo wa kobe aliyeshiba. Kila nikitaka kuipita baki, naona mkono wake: taratibu, taratibu. Wallahi watembea kwa miguu walitupita. Tena siku hiyo kulikuwa na mbio za farasi, Turffontein nzima imejaa magari ya watu waliokuja kutazama wanyama wakikimbia, wakati sisi tumekatazwa. Na tulipokaribia Booysens umeme ukawa umekatwa kwa zamu, robot zote zimekufa, kila njia panda ni kubembelezana.

Mshale ukaanza kupanda. Niliuona mimi, nikaanza kuzungumza habari nyingine. Nikamsifia pete. Nikauliza habari za keki.

"Baba," akasema, "inapanda."

"Inatembea tu hiyo."

"Baba."

Ukagusa nyekundu tukiwa tumesimama kwenye njia panda, mvuke ukaanza kutoka chini ya maua. Nikashuka na kanzu yangu na koti langu, nikaweka mkono kwenye kanga kutafuta upenyo. Lahaula! Nyuma ya kanga kulikuwa na kitu kinene. Nikabonyeza. Sponji! Walikuwa wamekata sponji la godoro, wakalijaza mbele yote, ili kanga isilegee na maandishi yasikunjike. Miaka mitatu mimi natafuta namna ya kuingiza hewa mle ndani, bati, utepe, feni, vibanio vya mke wa mtu, na kamati ya harusi imeziba kila kitu kwa mapenzi, wakati mimi naoga.

Nikaweka vidole kwenye upindo wa kanga nivute. "Usiguse!" dada akapiga kelele toka kwenye baki. "Mkwe yuko hewani!" Akanielekezea simu. Kwenye kioo kidogo nikamwona mwanamke wa makamo, amejifunika vizuri, amekaa kwenye kiti, anatabasamu machozi yakimlengalenga, anaisoma kanga yake. Nami nimesimama kwenye mvuke, mikono kwenye zawadi yake. Ungefanya nini? Nikapunga mkono. Nikasema, "Salama, mkwe?" Akaitikia salama. Vijana wakadhani ni ishara, wakapiga tarumbeta.

Niliporudi upande wa abiria, ami alikuwa ameshafika. Amefungua mlango wa binti yangu. Ubaridi wa jokofu lake unatoka mpaka barabarani, unausikia. "Bibi harusi, karibu huku," akasema, na kusema haki hakusema kwa kejeli. "Utaharibika, mwanangu. Ukumbi si mbali."

Nilisimama pale na leso mkononi. Hasira zote nilizokuwa nazo, kwa dada, kwa sponji, kwa serikali na umeme wake, ziliniishia pale pale, ikabaki huzuni. Makubaliano ni makubaliano. "Nenda, mama," nikamwambia. Kwetu binti anapopendwa huitwa mama. "Nenda. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nitakuja nyuma."

Hakushuka. Aliuvuta mlango akaufunga mwenyewe, ami akaokoa vidole vyake. Nikazunguka nikaingia. "Washa hita," akasema.

"Hita! Uso wako je? Mpambaji wa watu kashinda hapa..."

Akanyoosha mkono wenye hina mpaka kwenye swichi ya hita, akaivuta hadi mwisho, akaweka na feni ya mwisho. Alijua ilipo bila kutazama. Moto ukatumwagikia. "Endesha, baba. Na uipite hiyo baki."

Nikaipita. Dada yangu alisema maneno ambayo mama mkwe hakustahili kuyasikia. Madirisha wazi, hita wazi, upepo wa Desemba unaingia kama pumzi ya jiko, na mshale ule, kwa kudura ya Mwenyezi Mungu, ukakataa kupanda zaidi. Haukushuka, lakini ulikataa kupanda. Wanja wa binti yangu ulishuka mpaka kidevuni. Kope moja ya bandia ilidondoka, akaibandika kwenye dashibodi. Mimi jasho limeingia machoni, kofia imelowa. Tulipopita chini ya daraja la barabara kuu akaanza kucheka, nami nikaanza, tukacheka mpaka nikakosa kuona njia vizuri.

Tukafika Fordsburg. Vigelegele vilianza, vikakatika nusu walipouona uso wa bibi harusi. Baki ikafika, dada akaruka, akakata simu, akaifungua kanga kwa adabu zote, akaikunja, akampa mwanangu dirishani akaipakata. Nikashuka nikaling'oa lile sponji, nikalitupa, nikarudi ndani. Bwana harusi amesimama mlangoni na maua yake, wazee wamesimama, mke wangu, aliyekuwa ametangulia, yuko ngazini na sinia ya udi. Ami akaja upande wa abiria. "Alhamdulillahi, zima gari, mteremshe mtoto wa watu."

"Haizimwi," nikamwambia. "Injini iliyochemka ukiizima ghafla, maji yanasimama na moto unabaki ndani, unaiua. Iachwe iungurume mpaka mshale urudi katikati."

Hilo ni kweli tupu, muulize fundi yeyote. Basi tukakaa. Watu wote wale wakatusubiri juani, na sisi wawili ndani, hita inapuliza, gari linanguruma. Akatoa leso mkononi mwangu akajifuta uso, mapambo yote yakatoka, nikamwona sasa kama nilivyokuwa nikimwona asubuhi za shule. Hewa ilikuwa inaingia mbele, sasa hakuna cha kuizuia, na mshale ukaanza kushuka. Ukatoka kwenye nyekundu. Ukafika katikati. Ukapita katikati ukaendelea kushuka, mpaka chini, pale unapokaaga siku za Juni.

Niliuona. Nikamtazama, naye alikuwa anautazama.

Ami akagonga kioo. "Bado tu?"

"Bado, ami," binti yangu akamjibu, akanishika mkono. "Bado ya moto sana."